Mama na Fumbo la Pete

Kaloleni, Jumamosi jioni

Na mimi niliyedhani Mama atalichana lile gazeti!

Tulikuwa barazani na jirani yangu Neema, tukibishana kuhusu hadithi ya pete ya uchawi inayotoka kila wiki. Kwa nini shujaa akishaitumia pete anawapita ndugu zake bila salamu? Neema anasema inampa kiburi. Mimi nasema ni jini.

Mama, mzee wa kanisa, akatokea mlangoni. Nikaficha gazeti.

"Hamsomi vizuri," akasema. "Kila akiitumia, anamsahau mtu anayempenda. Sasa amebaki na mama yake tu."

Tukapekua matoleo ya nyuma. Kweli tupu! Neema akapiga makofi.

Kumbe anayasoma nikienda kazini. Huyo ndiye mama yangu. Najivuna mpaka usingizi hauji.