Ndevu za Msiba wa Baba

Elerai, Arusha
Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua maumivu, na kwamba majirani bado wanakuja kukaa nawe jioni. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaumwa, wala sitakuficha.

Mdogo wangu Irine amenipigia kuniambia umewatangazia akina mama wa kanisani kwamba mwanao alikubali kukosa mtihani wa mwisho kuliko kunyoa kabla ya siku ya kuondoa tanga. Ndiyo sababu nakuandikia. Kwa simu nisingeweza.

Ni kweli Jumanne msimamizi wa mtihani alinizuia mlangoni kwa sababu ya ndevu. Nikapelekwa kwa mlezi wa wanafunzi, mchungaji mpole ambaye upole wake unachosha. Nilimweleza kwamba tangu tumzike baba hatujagusa wembe, kwamba tunamngoja kaka Calvin afike kutoka Mtwara, na Jumamosi wewe mwenyewe utatunyoa mmoja mmoja kwa kufuatana tulivyozaliwa, kwa maji ya beseni moja. Akanipa pole. Kisha akasema chuo cha kanisa kinajulikana kwa unadhifu wa vijana wake, na msiba hukaa moyoni, si kidevuni. Akatoa fomu niliyojaza nilipojiunga, yenye ahadi ya kutofuga ndevu. Saini ya mzazi ni ya baba, kwa mwandiko wake uleule uliolalia kushoto. Baba mwenyewe hakuwahi kuingia kanisani na ndevu.

Sasa mama, mimi sikukataa. Nilitoka pale mbio hadi kwa kinyozi wa pale mtaa wa Sakina, nikamwambia aondoe zote. Nywele za kichwani zipo, lakini ndevu alizifagia pamoja na za watu nisiowajua. Niliporudi, nusu saa ya wachelewaji ilikuwa imepita na mlango umefungwa. Nikasimama nje na kidevu kitupu, nawasikia wenzangu wakifunua karatasi. Mtihani nimeukosa, mwaka umepotea, na baba nimemnyima haki yake.

Sijui Jumamosi nitakaaje mbele yako. Zamu yangu ikifika, ukiona huwezi kunishika, niruke umnyoe Irine. Sitakulaumu. Ila naomba usiwaambie tena watu kwamba nilikuwa jasiri.

Barua hii anakuletea Godwin, mpe chai. Nisalimie shangazi Anyesi na wote wanaokesha nawe kwa maombi.

Ni mimi mwanao,
Gadiel