Punje Nyeupe Kwenye Mchanga wa Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekalia mkojo. Niandike hivyo hivyo, maana hakuna namna ya kulipamba jambo lenyewe. Nimerudi kazini miguu inawaka moto, kutwa nzima nimesimama dirishani nikigawa dawa, nikajitupa kwenye kochi upande wa Mama — suruali ikalowa mpaka ndani. Mama alikuwa jikoni. Akasema bila kugeuka kwamba ni huyo paka, nani mwingine.

Mkaguzi alikuwa juu ya friji, ananitazama. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna sufuria inayofunuliwa humu ndani bila yeye kuja kuhakikisha. Miaka sita hajawahi kukojoa nje ya beseni lake la mchanga. Hata siku moja! Nimemfokea mpaka mate yakanitoka. Hakujitetea.

Jumanne, 4 Machi

Tena! Safari hii ni zulia dogo la kwenye korido, hatua tatu kutoka mlango wa choo. Mama alikuwa ametoka mazoezi ya kwaya, nikamkuta analifua mwenyewe. Nikamwambia aache, mgongo wake. Akasema zulia ni lake na mgongo ni wake.

Nimempigia daktari wa mifugo kabla hajafunga. Binti mdogo, sauti ya upole. Anasema paka anayeacha beseni lake ghafla huenda anaumwa. Akaanza kuuliza. Mabonge ya mchanga ulioganda kwa mkojo mangapi kwa siku? Makubwa au madogo? Anachuchumaa muda mrefu bila kitu kutoka? Maana dume akijikamua na mkojo hautoki, aletwe siku hiyohiyo, si kesho. Kuna damu? Choo kigumu au cha maji? Sikujua hata moja. Mimi, ninayewauliza watu mbele ya foleni nzima kama wamepata choo!

Ameniambia niandike kila kitu kwa wiki moja. Basi nimechora jedwali, nimelibandika kwenye friji kando ya lile la vidonge vya Mama. Nyumba ina wagonjwa wawili na hospitali ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mabonge matatu jana, matatu leo. Ukubwa wa limau. Choo kimoja, rangi ya kawaida. Hajikamui, halii. Na hakuna palipolowa, siku ya pili sasa! Nimebadilisha mchanga na kulisogeza beseni mbali na mashine ya kufulia, kwa hiyo sifa zote ni zangu. Nimejitapa kazini. Mwenzangu wa dirisha la pili anasema ndiyo maana sijaoa.

Siku hizi namsalimia kabisa. Asubuhi navuta kigoda, nakaa mbele ya beseni: Mkaguzi, umeamkaje? Umekojoa vizuri? Tumbo vipi? Ananipa mgongo. Kisha naangalia kiboksi cha vidonge vya Mama — chumba cha leo kitupu, tiki kwenye jedwali, kwaheri.

Na Mama amejitolea kusafisha beseni kila asubuhi, mara tu baada ya kumeza dawa zake. Hata chai hajanywa! Anasema anamhurumia mwenzake. Ananihesabia na mabonge. Mimi nakagua jioni. Nilikuwa nikimwona mkaidi, kumbe nina mama wa dhahabu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata kitu.

Punje nyeupe mbili, chini kabisa mchangani. Laini, zimevimba kidogo. Moyo ulinipasuka, na papo hapo — nikiri, nani atasoma — nilifurahi. Ugonjwa! Nimeugundua mimi! Vipande vya tegu hutoka hivyo, kama punje za mchele. Nimesoma. Nimezitia kwenye kichupa, nikabandika lebo: tarehe, saa, jina la mgonjwa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwonyesha. Akaangalia kwa muda, akasema kumbe paka naye ana mambo mengi. Akaenda zake chumbani.

Nimempa Mkaguzi dawa ya minyoo. Tuseme nilijaribu. Kidonge cha kwanza alikitemea kwenye kiatu changu. Cha pili alikificha shavuni, akajifanya amemeza, akalamba midomo kwa adabu zote, halafu akaenda kukitema nyuma ya pazia. Miaka kumi na saba ya kugawa dawa, nimedanganywa na mnyama wa kilo nne.

Jumapili, 9 Machi

Punje moja zaidi. Kichupani.

Dada amepiga simu kuuliza hali ya Mama. Nikamwambia Mama hajambo, vidonge anameza vyote, kisha nikamweleza habari za tegu dakika ishirini nzima. Akaniambia nimpe Mama simu.

Mama ameenda kuimba amevaa ndala. Viatu vyake vyeusi vinambana, anasema ngozi ya viatu imekauka. Nitavipeleka kwa fundi avitanue.

Jumatano, 12 Machi

Natamani ardhi ipasuke.

Nimempeleka Mkaguzi kwa daktari. Nikatoa jedwali, nikatoa kichupa. Nilivyokiweka mezani! Ungedhani nimeleta almasi. Yule binti akamwaga punje kwenye kisahani, akaigeuza moja kwa ncha ya sindano. Kisha akauliza, kaka, kwani unafanya kazi gani? Nikamwambia, kifua mbele. Akasema basi hiki ungenitajia wewe.

Punje ilikuwa na mstari katikati. Mstari wa kuikatia. Na nusu ya herufi.

Kidonge! Tena nakijua kama ninavyoijua sahani yangu. Ni kile cheupe kidogo cha kupunguza maji mwilini, ambacho daktari wa Mama alimwongezea mwezi uliopita kwa ajili ya presha. Ninakigawa kila siku. Nina na wimbo wake kabisa, kila mgonjwa namwimbia: mama, hiki kitakupeleka chooni mara kwa mara, meza asubuhi, siku za mwanzo usiende mbali na choo, kikikusumbua njoo useme, usikiache.

Paka wako mzima, alisema. Nani mwingine anatumia hilo beseni?

Nilicheka. Nimecheka mpaka kwenye ngazi, kikapu cha paka mkononi. Halafu kicheko kikakatika. Kochi, upande wa Mama. Zulia, hatua tatu kutoka chooni. Ndala.

Ule wimbo sikumwimbia Mama. Nilimjazia kiboksi tu, nikaenda kazini.

Nimefika nyumbani, amenipakulia chakula, ameniuliza paka anaendeleaje. Nikasema mzima. Sikuweza zaidi ya hapo. Mwoga mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Sijaenda kazini. Nimesimama kwenye korido nyuma ya mlango, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, nikimchungulia mama yangu mzazi.

Amemeza kidonge kile kikubwa. Ametia na kile kidogo cheupe mdomoni, amekunywa maji, glasi nzima. Amekwenda kwenye kigoda, amekaa, amekohoa kwenye kiganja. Kisha akachimba kwa mwiko wa matundu, akafukia, akasawazisha vizuri. Mkaguzi kando yake anasubiri zamu.

Nikaita, "Mama."

Hata hakushtuka. "Nilijua tu utafika siku moja. Ulivyokuwa unachekecha huo mchanga!"

"Kwa nini humu?"

"Chooni vilielea, baba. Na dustbini unapekua."

Hilo ni kweli. Huwa napekua.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba nimejikojolea kwenye kochi? Mwanangu wa kiume?" Alikuwa akizungumza na mwiko, si na mimi. "Siku ile kwenye mazoezi niliomba kutoka mara tatu. Wenzangu wakaanza kutazamana. Mara ya nne nikasema nije zangu nyumbani. Nikaishia hapo koridoni. Toka kesho yake hicho kidogo sijakimeza."

"Ukamsingizia paka!"

"Yeye hana kwaya."

Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikafanya kile ninachokijua — nikaleta mashine ya presha. Kabla ya mashine nilimbonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Alama ikabaki, shimo kabisa. Wiki nzima miguu hii imepita mbele yangu na mimi nimeinama nakagua makalio ya paka.

Mia sabini na nane kwa mia na nne.

Nimempigia daktari wake. Ameuliza kama kifua kinauma, kama kichwa kinamgonga, kama anahema kwa shida. Nikajibu hapana, hapana, kisha nikasita, kwa sababu nilikuwa najibu kwa kukisia. Mama akasema kwa sauti, ili asikike kwenye simu, kwamba akipanda ngazi za jukwaa la kwaya anahema. Daktari akasema apumzike dakika tano kimya, nimpime tena, kisha nimpeleke asubuhi hii hii, majibu yoyote yatakayotoka.

Hapo ndipo nikaanza hotuba. Figo! Moyo! Kiharusi! Mama akainua mkono, ule usio na mkanda wa mashine.

"Vidonge umenihesabia, sikatai. Lakini huyo paka umemvutia kigoda kila asubuhi ukamuuliza ameamkaje, amekojoa vizuri, tumbo vipi. Mimi nipo hapohapo nakunywa maji, nasikia. Mimi umeniuliza lini?"

Nikavuta daftari hili. Naandika. Daktari amesema tukae kimya dakika tano, na mimi kukaa kimya bila kushika kitu sijui.

Zimebaki mbili. Mama ameweka mkono mezani, ananiangalia. Mkaguzi yumo kwenye beseni, anafukua kwa bidii zake zote, mzima wa afya. Nimekichukua kigoda, nimekileta huku, nimekaa mbele ya Mama. Swali lenyewe ni dogo. Nimelizoea, nalisema kila siku ya Mungu, paka analijua kwa moyo — na sasa hivi halitoki —