Plagi za Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa mama, wewe pamoja na wapwa zangu. Natumaini mguu wa mama umepungua kuvimba na kwamba sasa anakubali kuukanda, maana namjua, akiambiwa jambo na daktari hufanya kinyume chake. Mimi nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya. Mwili unakwenda kazini na kurudi, lakini chakula hakipiti, na fundi mwenzangu wa meza ya pili ameanza kuniuliza kama nina minyoo. Nimemwambia ninayo, ili aninyamazie.

Najua umenikasirikia kwa kutopokea simu zako wiki hizi mbili. Si kazi iliyonizuia. Nikiona ni wewe unapiga, naigeuza simu kifudifudi mezani na kujitia hamnazo. Vumilia basi nikueleze kwa urefu, kwa sababu nikifupisha nitapata pa kujificha.

Kazi yangu hujawahi kuielewa, na kila nikianza kuieleza unapiga miayo. Leo usipige. Kuna kompyuta ndogo ambayo yote imo kwenye bodi moja, kibao cha saketi unachokishika kiganjani. Ina tundu moja tu la waya wa mtandao. Mimi ninabuni bodi ya pili ya kupachika juu yake, yenye matundu manne zaidi, na hapo kile kidude kinakuwa ruta ya kugawa mtandao chumba kizima. Miezi saba nilichora, nikafuta, nikachora tena. Bodi ya kwanza ilitoa moshi. Ya pili haikutoa moshi wala kitu kingine chochote. Ya tatu ilipowaka nilipiga kelele hadi watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuuliza nani amefariki. Hospitali kubwa ikaagiza arobaini, moja kwa kila wodi na kila ofisi, na Mkuu wetu wa kazi akaniita mwanangu mbele ya watu.

Wa kuzifunga alikuwa mumeo. Si unajua kazini tunamwita Ngazi, maana ukimtafuta chini humpati. Wiki tatu alilala kifudifudi ndani ya dari za ile hospitali akipitisha nyaya, akishuka nyusi nyeupe kwa vumbi, nami nikimtania kwamba dada yangu aliolewa na kijana sasa anaishi na babu. Naye akinijibu kwamba shemeji anayeshinda kwenye kiti hana haki ya kusema mtu mzee. Tulicheka sana siku zile.

Siku ya kuwasha, balaa likaanza. Wodi ya watoto ikipata mtandao, maabara inaukosa. Maabara ikirudi, famasi inapotea. Majibu ya vipimo yaliyotakiwa kufika kwa kompyuta yakawa yanabebwa mkononi, wauguzi wanapanda na kushuka ngazi na makaratasi, na mganga mkuu akampigia Mkuu wetu simu ambayo tuliisikia sote bila kuwekewa spika. Mkuu akatuita, akauliza kosa liko kwenye bodi au kwenye nyaya. Nikasema kila bodi niliijaribu mwenyewe mezani, moja baada ya moja, na zote zilifanya kazi. Hilo lilikuwa kweli kabisa.

Mumeo akaomba kusema neno. Akaeleza kwamba amegundua kitu: akizima bodi ya wodi ya watoto, ya maabara inapona, akiiwasha, mojawapo lazima ianguke. Akasema ni kama watu wawili wanaogombea kiti kimoja, akauliza kama haiwezekani hizi bodi zenyewe zinachukiana. Wakacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote, nikamwambia mtandao hauna wivu, akakague plagi zake alizofunga kwenye ncha za nyaya.

Ijumaa ya wiki hiyo ndipo uliponipigia. Ulisema amekuwa mkali nyumbani, hali chakula, hasemi, na kwamba umechoka kuambiwa na majirani mumeo ameharibu hospitali. Ukaniuliza mimi kama ndugu yako, mimi ninayezijua hizi kazi, nikuambie ukweli kama ni mikono yake. Nikakujibu kwamba nyaya hazisemi uongo. Kesho yake ukachukua watoto ukaenda kwa mama.

Jumapili nikaenda hospitalini peke yangu na kompyuta ya mpakato, nikisema nakwenda kukagua. Nilizunguka wodi zote kuanzia asubuhi, na kufikia saa kumi mtandao ulikuwa umetulia tuli. Jumatatu nikapigiwa makofi ofisini. Mkuu akasema kumbe tatizo lilikuwa nyaya, na kijana wake amezinyoosha zote kwa siku moja. Kilemba cha ukoka hicho, Dada, nami nikainamisha kichwa nivishwe. Mchana wa siku hiyohiyo mumeo akasimamishwa kazi. Ameandikiwa karatasi ya kukiri kwamba alifunga nyaya kwa uzembe, na Jumatatu hii inayokuja, saa mbili asubuhi, anatakiwa kwenda kuitia sahihi. Akishasaini, leseni yake ya ufundi inafutwa. Miaka kumi na minane ya kazi imekwisha hapo.

Nilidhani angegoma, angenitukana, angevunja hata kiti. Hakufanya hivyo. Juzi alikuja kwangu na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na vipande vya nyaya, kila kimoja amekifunga plagi huku na huku, vipande hamsini. Alisema tangu ulipoondoka anakaa pale mezani, amezima redio, anafunga plagi na kuikata, anafunga na kuikata, anatafuta mkono wake unakosea wapi. Akaniomba nizipime zote na nimwoneshe mbovu, maana atasaini Jumatatu, ila hataki kufa hajui alichokosea. Akasema, shemeji, nifundishe, sina aibu.

Nikazipima, Dada. Moja moja, mbele yake, taa ya kijani hamsini. Hakuna hata moja iliyolegea. Nikamrudishia mfuko, nikamwambia aendelee kujizoeza.

Hapo ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani. Sikiliza sasa, na umwite mama asikie pia. Kila bodi ya mtandao lazima iwe na namba yake peke yake, kama nyumba, ili mtandao ujue mzigo huu ni wa nani. Chipu zikija kutoka kiwandani hazina namba. Mimi ndiye ninayeziandikia. Nilipokuwa bado nachora, niliweka namba moja ya majaribio kwenye programu ya kuandikia, na nikasahau kuiondoa. Zote arobaini, pamoja na za akiba, zikaandikwa namba moja. Mezani kwangu nilikuwa nikizijaribu moja moja, na moja ikiwa peke yake haina wa kugombana naye. Mumeo alisema zinagombea kiti kimoja. Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno, na mtu wa ngazi aliona kitu ambacho mimi mbunifu sikukiona.

Na si kwamba niligundua baadaye. Niliwasha bodi mbili pamoja mezani kwangu Alhamisi. Wewe ulinipigia Ijumaa. Nilikuwa najua, Dada. Nilikuwa najua na nikakujibu vile. Jumapili sikugusa waya hata mmoja pale hospitalini. Niliandika namba mpya arobaini, nikafuta ile ya zamani, nikidhani nimefuta na ushahidi wote. Niliogopa tu. Miezi saba, kuitwa mwanangu, makofi, niliogopa kuvipoteza, nikaona bora umwagike unga wa mwingine.

Mara mbili nimekwenda hadi mlangoni kwa Mkuu kusema haya. Mara ya kwanza nikamwomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Mara ya pili nikamwuliza kama anataka chai. Yaani mimi! Sijiamini tena hata kidogo. Kwa hiyo nimeandika kwa mkono wangu, na shangazi, ambaye ndiye anayekuletea, akipanda basi asubuhi ya leo barua hii itakuwa imetoka mikononi mwangu, siwezi kuikimbilia kuichana. Chini yake nimeandika tarehe, ile namba ya majaribio nzima, na jinsi Mkuu anavyoweza kuhakiki kwa bodi tatu za akiba zilizobaki kabatini, ambazo bado zina namba ileile.

Njoo Jumapili. Mwoneshe mumeo kwanza, usome wewe, yeye asishike peke yake, asije akaichana ili kunilinda. Kisha Jumatatu mfike ofisini kabla ya saa mbili, na umkabidhi Mkuu mwenyewe, si karani. Mimi nitakuwepo. Dada, ukinikuta mlangoni nikakuambia subiri kidogo, au tuyamalize nyumbani, au nikaanza kulia, usinisikilize. Wewe unipite, uingie.

Nisalimie mama, na wapwa zangu uwaambie baba yao ni fundi. Sikuombi unisamehe kwa sasa.

Ni mimi mdogo wako,
na kwa Mkuu: ni mimi mbunifu wa bodi, meza ya kwanza, ghorofa ya pili. Kosa ni langu.