Ngoja Wageni Waondoke

4 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti ni yale yale. Wewe hujambo, na kifua je?

Nina neno zito. Mzinga wa nyuki wa karibu na tangi umekufa. Kaka yako, marehemu, kila nilipomwambia maharage yana wadudu alijibu, "Ngoja wageni waondoke." Miaka yote nilidhani anaona haya kuonekana na bomba la dawa mgongoni. Basi waombolezaji wa mwisho walipoaga asubuhi ile, nikasema haya, wageni wameondoka. Nikapulizia saa nne, maharage yamechanua. Kufikia mchana nyuki walikuwa wanajikokota mlangoni mwa mzinga, ndimi nje.

Imebaki miwili. Kama unaona siiwezi, njoo uichukue. Sitanung'unika.

Wifi yako.

19 Machi

Wifi,

Kifua kinaniachia. Pole sana. Nimecheka, halafu nikalia. Wageni ni nyuki, mke wa kaka! Tangu utotoni aliwaita hivyo. Alipulizia jioni, wakisharudi mzingani, na maua yakiwa wazi hakupulizia kabisa. Miaka ishirini na sita hukumuuliza? Na yeye, bubu yule, hakukueleza!

Masega ya mzinga uliokufa usiwape wengine, yana sumu, yafukie. Weka maji kwenye sinia lenye kokoto wasizame. Magugu ya uani yaache yachanue, hata nyuki wadogo wa porini wapate chakula.

Sichukui kitu. Nikiichukua mizinga, utabaki unaongea na nani?

Wifi yako mkorofi.

2 Agosti

Wifi yangu,

Natumaini kifua kimepona. Samahani kwa kimya. Mzinga wa pili nao ulikufa Aprili, nikaona aibu kukuandikia.

Uliobaki umeshika. Asubuhi naweka sikio ubavuni, nasikia wanavuma. Jirani nilimwomba naye apulizie jioni. Akaniuliza, "Mama, nyuki wako nao wana saa za kazi?" Lakini anangoja. Magugu ya uani yamenifika kiunoni. Watu wanasema msiba umenichanganya. Waache waseme.

Mvua ilikuwa haba, kwa hiyo asali sikuvuna. Nimewaachia yote. Najua kaka yako alikutumia chupa kila mwaka. Mwaka huu sina cha kutuma. Unikumbuke hivyo hivyo.

Wifi yako.