Mtamba wa Miezi Kumi na Minne

Jumapili, 21 Aprili 2024
Baada ya misa Revokatus kanifuata tena. Ziwa limeingia nyumbani kwake. Yeye, mkewe na mapacha wao wachanga wanaishi kwenye darasa la shule ninayofundisha. Maziwa ya mama yamekauka. Haombi – anauliza tu: "Mama Schékinah, Bihogo iko bado kushika mimba?"
Bado! Bihogo ni mtamba niliyepewa na ushirika, na ndama wake wa kwanza ni wa Revokatus, amfuge au amuuze. Ndivyo tulivyotia sahihi. Lakini ana miezi kumi na mitatu tu. Mardochée, veterineri wetu, daktari wa mifugo, alishasema: asipandishwe kabla ya kumi na minane, na hata hapo apimwe kifua kwanza, ionekane kama amekua. Joto la kutaka dume likija, liache lipite.
Nimemjibu hivyo. Akasema murakoze, asante, akaenda. Heri angenitukana.

Jumatano, 8 Mei 2024
Bombani wanawake walivuta ndoo zao nilipofika. Kisha mmoja, kwa sauti ya kusikika: waliotoka Tanzania wamezoea kupokea, kutoa hawajui. Nilizaliwa huko, kambini kwa wakimbizi, nimerudi nchi ya baba zangu – na bado ni wa kuja!

Jumanne, 14 Mei 2024
Bihogo amelia tangu asubuhi, anapanda hata ukuta wa zizi. Nilituma habari shuleni kwamba naumwa. Nikampeleka mlimani kwa Barnaba, mwenye dume. Mimi mwenyewe. Sikumwita Mardochée. Angekuja na mbegu ya fahali wa ukoo mdogo, ya kupandikiza, sawa, lakini angekuja na utepe wake wa kupimia kifua pia.
Barnaba alisita. "Hii iko mutoto, mama."
Nikasema ana mwaka na nusu, ni wa ukoo mfupi tu. Uongo haukunikwama hata kidogo.
Dume lilipopanda, magoti ya Bihogo yalikunjika. Nilishika kamba mpaka mwisho.

Jumatano, 5 Juni 2024
Joto halijarudi. Ameshika mimba. Revokatus amecheka – mara ya kwanza tangu maji yamtoe nyumbani. Kaniletea mzigo wa majani, kabeba kichwani mwenyewe.

Alhamisi, 12 Desemba 2024
Tumbo linakua, yeye hakui. Mbavu zinahesabika. Kila anachokula kinakwenda kwa ndama.
Pacha mmoja wa Revokatus tulimzika Jumatatu. Kuhara. Leo majani ameleta kama kawaida.

Ijumaa, 21 Februari 2025
Chupa ilipasuka asubuhi. Kwato mbili zikachungulia, kisha basi. Anasukuma, hakuna kinachosogea. Mardochée alifika saa nne na pikipiki, akatia mkono hadi begani. Nyonga ni nyembamba, kichwa hakipiti. Akabana ukwato – mguu ukarudi ndani. Ndama yu hai!
Akafungua mdomo wa Bihogo. Meno ya utu uzima ndiyo kwanza yanatoka: hajatimiza miaka miwili. Akanitazama.
"Alipandishwa na miezi mingapi?"
Revokatus alijibu kabla yangu: "Kumi na minane, daktari. Mimi nilikuwako."
Hakuwako. Kumbe alihesabu miezi! Siku zote hizi, na majani yake kichwani, alijua.
Mardochée hakubishana. Vifaa vya kumpasua hana, wala Bihogo hafiki popote akiwa hai. Tukivuta kwa nguvu, ndama anaweza kupona, lakini mama atavunjika nyonga. Tukimkata ndama humo humo ndani, mama anaweza kupona. "Semezaneni. Haraka."
Nilisema naenda kuchemsha maji.
Niko jikoni. Ndama ni wa Revokatus, ng'ombe ni wangu. Dirishani namwona Revokatus: wamefunga kamba kwenye ile miguu midogo, yeye kashika ncha. Havuti. Anatazama mlango huu, akingoja neno langu. Mardochée ameita mara mbili. Bihogo hata kulia ameacha.
Maji yamechemka. Nimekaa.