Viganja vya Siwema

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nilikupa pale kaburini siku ya arubaini, wenzio wote wakasikia, kwa hiyo leo nimekuja na maneno tu. Naandika kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, maana zile za kizungu ndizo tulizotaka mwanao azijue kwa niaba yetu. Karatasi ni ya kufungia sukari, nimeiomba dukani kwa Muhindi. Usinicheke.

Shoga, nina hasira. Mie, mwenye kucheka hata matangani.

Yule mwalimu mkuu uliyemjua kahamishwa. Kaja kijana wa bara, kasomea misheni, mpole wa sura, shati limepigwa pasi mpaka mgongoni. Asubuhi, bendera ya Mwingereza ikishapanda, anawasomea watoto kitabu cha dini yake, halafu wote wafumbe macho, wafumbate mikono, waombe anavyoomba yeye. Shule ya serikali, Mwanahawa, inakula kodi ya waume zetu, na watoto wote pale Waislamu. Sala yake sina ugomvi nayo, Nabii Isa ni wetu pia. Lakini hata mwenyeji hamlishi mgeni kwa nguvu, sembuse mgeni amlishe mwenyeji.

Sasa Siwema wako akasikia "tuombe". Si ulimfundisha mwenyewe, umelala kitandani hujiwezi: "Fungua viganja, mwanangu. Vikifungwa vitapokea nini?" Basi mtoto akafungua, akuombee wewe. Yule kijana akafumbua macho, akaviona viko wazi, akavichapa vilevile vilivyokaa.

Nilimpaka mafuta ya nazi huku nalia. Akaniuliza, "Mama mdogo, dua imefika au imekatika njiani?"

Mumeo naye, badala ya kwenda shuleni kuuliza, kamtoa mtoto. Kampeleka Mbuchi kwa bibi yake, yuko juu ya dungu anafukuza ndege wa mpunga. Ati imani kwanza. Imani gani hiyo inayomhusu msichana tu? Kaka yake yuko shule ileile, anasikia kitabu kilekile, mbona yeye hakupelekwa kwa ndege? Nilimuuliza hivyo mbele za watu. Akasema mdomo wangu cherehani. Nikamwambia, "Shemeji, cherehani ndiyo inayokuvisha."

Nikawakusanya wenzetu wa kisimani. Tukaenda na mitungi yetu, tukasimama nyuma ya mstari wa wasichana. Kijana alipofumba macho, tukafungua viganja, tukakusomea Fatiha kimoyomoyo. Tulipomaliza tukaitika "Amin", tukajipangusa nyuso. Unajua ilivyo, Mwanahawa, mtoto wa huku akisikia Amin mkono wenyewe unakwenda usoni. Kijana kufumbua macho, shule nzima inajipangusa.

Akaitazama fimbo, akatutazama sie. Nikamwambia, "Mwanangu, anza na sie, maana ndio tuliowafundisha."

Akaishusha fimbo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Kila mtu na aombe kwa mikono yake."

Kitabu bado anawasomea, na hilo sijamaliza naye. Wazee nimekwisha kuwachochea waende Utete kwa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Lakini fimbo ya viganja imekoma.

Mumeo bado akasema hapana. Basi nikafanya kazi ninayoijua, ya mdomo. Nikapita kisimani, nikapita sokoni, mpaka Mtunda habari ikafika: baba Siwema kakubali kumrudisha mwanawe shuleni, kwa kumuenzi marehemu. Ijumaa watu wakampa mkono msikitini, imamu akamwombea heri. Akatae vipi? Tulipokutana njiani alinitazama kama anataka kunimeza. Mie nikamwamkia vizuri tu.

Jana kaja mlangoni kwangu. Kaniletea gauni la shule la Siwema, kalikunja mwenyewe, vibaya, kama wanaume wanavyokunja. Hakusema neno. Nami, shoga, kwa mara ya kwanza sikusema.

Kesho nakwenda Mbuchi kumteremsha dunguni. Nakuahidi, kila asubuhi nitapita na mtungi wangu nyuma ya mstari ule, nisimame mpaka Amin, hadi mwanao azijue herufi zile zote. Na nitamwambia dua yake haikukatika njiani.

Pumzika, Mwanahawa. Fungua viganja huko uliko, tunakuletea.

Mie shoga yako wa kisimani.