Jumatano Iliyobaki Kwenye Bahasha Nyingine

Papa,

Nina swali, na wewe hukuwahi kunikatalia swali. Tangu utuache, Ubelgiji imemaliza zaidi ya mwaka bila serikali; wakubwa bado wanatafuta katikati. Si wangekuita wewe, uliyepatanisha familia ngapi za Katanga kwenye mambo ya mahari! "Bon, tukate katikati, kila muntu arudi na kitu."

Sasa sikia. Sisi wasafishaji wa ofisi za kule stesheni ya Gare du Nord tuligombana na kampuni kuhusu saa: tunaingia alfajiri, tunarudishwa nyumbani, mchana tunaitwa tena mpaka jioni. Tukapelekana kwa mwamuzi, mama mmoja mpole. Sheria yake inanishangaza mpaka leo. Kila upande unaandika pendekezo moja la mwisho, unafunga bahasha. Yeye anachagua moja, zima zima. Hakati katikati hata kidogo.

Wenzangu wakaandika kama orodha ya mahari, ile tunayoijaza makusudi ili wakwe wapate cha kupunguza. "Tuombe mingi, donc, atapunguza ye mwenyewe," alisema Maman Béa, mkubwa wetu kazini. Nikawaambia huyu hapunguzi. Tukivuta sana atachukua bahasha yao. Mimi ndiye mwakilishi, kalamu ilikuwa kwangu. Nikafuta hiki, nikafuta kile. Mwisho nikafuta mstari nilioutaka kuliko yote: Jumatano mchana tuwe huru, shule zinapofunga mapema. Tangu ufe, mjukuu wako hana wa kumchukua.

Papa, tulishinda! Zamu moja tu, ya mchana. Tulipiga vigelegele mpaka mwamuzi akacheka. Kisha nikasoma bahasha ya kampuni. Kumbe nao waliogopa. Zamu mbili walizishikilia, lakini Jumatano mchana walituachia, wenyewe, bila kuombwa. Wanasema mwamba ngoma huvutia kwake. Sisi kila mmoja alivutia kwa mwenzake. Nilicheka, halafu nikaenda kulia chooni.

Wewe ungeuacha ule mstari? Kweli nataka kujua. Nalizungusha swali hili nikipiga deki, na kila ghorofa ina jibu lake.

Mtoto nimemweleza mwenyewe kwa nini Jumatano atabaki shuleni mpaka jioni. Alisikiliza vizuri. Bado anakuita Koko, babu yake. Akasema tu, "Koko angekuya."

Pumzika, Papa. Mkataba huu ukiisha, nakuahidi, nitawauliza wale wa kampuni wanachoweza kutoa kabla sijafuta kitu.

Binti yako